Safari ya Bagamoyo na Habari ya Duka Langu



Majuma mawili yaliyopita nilikwenda Bagamoyo pamoja na wanaparokia wenzangu 41, nami naona si vema kubaki na safari hiyo moyoni peke yangu. Wengi wenu mwaijua Bagamoyo kwa jina tu, ya kuwa ndiko Mapadre walikoingilia bara. Hayo nitayasema, maana yafaa kusemwa. Lakini nataka kukueleza pia jambo ambalo sikutazamia kulikuta kule, nalo lahusu biashara, na afya ya mwili, na raha ya nyumbani. Ikiwa una duka, au genge, au mashine ya kukoboa, au umeolewa na mtu mwenye vitu hivyo, habari hii ni yako hasa.

Kwanza sharti ujue nilikwenda na mzigo gani. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mnunuzi wa mpunga. Mungu amembariki; sasa ana ghala kando ya barabara kuu, na mwaka huu amenunua mashine ya kukoboa. Alitujia nyumbani jioni moja, akala, akanywa chai, kisha akasema, "Shemeji, wewe umesoma chuo cha ualimu, hesabu wazijua. Acha hayo makaratasi ya parokia, uje tufanye kazi. Mshahara nitakupa mara tatu ya huo unaopewa na Padre." Akanipa muda mpaka Jumapili baada ya hija. Mke wangu alikuwa uani akiosha vyombo. Hakusema neno, lakini vyombo vilikoma kulia.

Alinyamaza kwa sababu anajua. Mimi nilipata kuwa na duka. Nilipomaliza chuo sikupata nafasi ya kufundisha. Tulikuwa wengi, na majina yaliyotangazwa yalikuwa machache. Baba akauza magunia yake ya mpunga, nikafungua duka pale njia panda: sukari, mafuta, sabuni, misumari, saruji, na baadaye uwakala wa kutuma fedha kwa simu. Nilifungua saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya abiria wa basi la kwanza. Nilifunga saa nne za usiku, mara nyingine saa tano. Jumapili vile vile, maana watu watokao Misa hununua. Misa yenyewe niliisikia kwa kengele tu. Kwa miaka sita chakula changu cha mchana kilikuwa chipsi na soda, nimesimama wima. Na chupa moja ya soda, msomaji, ina sukari kama vijiko vya chai vinane au tisa. Mimi nilikunywa tatu au nne kwa siku kwa kuwa zilikuwa zangu, zimo katika jokofu langu, nikajidanganya kwamba hazinigharimu kitu.

Fedha nilipata. Nilijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, nikamsomesha mdogo wangu. Biashara si dhambi, wala asikudanganye mtu kwamba umaskini peke yake ni fadhila. Lakini nilianza kuumwa kichwa upande wa kisogo, nikawa nameza vidonge vya maumivu kutoka rafu yangu mwenyewe. Usingizi ukanipotea. Wateja niliwachekea kutwa, na hasira zote nikazipeleka nyumbani usiku kama bidhaa iliyokosa mnunuzi.

Siku moja binti yangu, akiwa darasa la pili, alikuja dukani akasimama upande wa wateja. Akanyosha mkono wenye sarafu, akasema, "Naomba chumvi ya mia tano." Mama yake alikuwa amempa fedha ili hesabu yangu isiharibike. Nikampa chumvi, nikaitupa sarafu sandukuni, nikamgeukia mteja mwingine. Usiku, nikihesabu mauzo, ndipo nilipokumbuka kwamba yule alikuwa mtoto wangu.

Hata hivyo sikufunga duka kwa ajili ya jambo hilo. Ningependa kusema nilifunga, lakini sikufunga. Nilifunga miezi mitano baadaye, nilipoanguka nyuma ya meza yangu katikati ya kupima sukari. Tabibu wa zahanati akanifunga kile kitambaa mkononi, akapuliza, akakuta 190 kwa 120. Nilikuwa na umri wa miaka 31. Akaniuliza nimeugua tangu lini. Nikamjibu, "Siumwi, nimechoka tu." Akanieleza kwamba presha ya damu haibishi hodi, mtu aweza kukaa nayo miaka asihisi kitu, huku ikimharibia moyo, na figo, na mishipa ya kichwa. Ikipimwa zaidi ya mara moja na kukutwa imefika 140 kwa 90, basi ni ya kushughulikiwa. Akanipa dawa, akanikataza chumvi ya kuongeza mezani, akaniambia nilale. Niliuza bidhaa, nikalipa madeni, na mwaka uliofuata Padre alikuwa akitafuta karani.

Basi huo ndio mzigo nilioupandisha garini pamoja na daftari la michango ya hija.

Tuliondoka saa tisa za usiku. Tulivuka Wami pale Dakawa kungali giza, mama mmoja wa WAWATA akianzisha Rozari na wengine wakiitikia nusu wamelala. Morogoro tuliikuta imejifunika ukungu wa Uluguru. Kutoka Chalinze tulielekea kaskazini mpaka Msata, kisha tukakunja kulia kushika njia ya Bagamoyo, kilometa 64 za lami. Ukipita Kiwangwa utaona mananasi yamepangwa kando ya barabara kama askari. Akina mama walinunua mengi mno, hata ngoma ya kwaya ikakosa mahali, mpigaji akaipakata mpaka mwisho wa safari.

Wengi walilalamikia viti vigumu. Mimi nilikuwa nawaza habari nyingine. Upande huu tuliokuwa tukienda sisi kwa saa chache, ndio walioelekea wapagazi wa zamani, Wanyamwezi na Wasukuma na wengineo, wakitoka bara na pembe za ndovu mabegani. Toka Ujiji mpaka pwani ni zaidi ya kilometa 1,000, na mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani karibu kilo 32, kwa miguu, miezi mitatu au zaidi. Walipoiona bahari walitua. Husemwa kwamba jina la mji limetoka huko, kwenye kubwaga moyo, ingawa wengine hueleza kwamba ni kilio cha mtumwa aliyeuacha moyo wake bara kabla ya kuvushwa Unguja. Wote wawili, mpagazi na mtumwa, walipita pale, na sioni sababu ya kumnyima mmoja wao jina hilo.

Tulifika Misioni karibu na saa sita. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walikuja kutoka Unguja mwaka 1868, wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Waliwakomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawafundisha dini, kusoma, na kazi za mikono, na waliokua wakaoana na kupewa nyumba na shamba katika kijiji cha huru. Mwaka 1872 tufani kubwa ilibomoa karibu yote waliyokuwa wamejenga, wakaanza tena. Kutoka pale walipanda bara: Mhonda mwaka 1877, Mandera mwaka 1881. Mzee mmoja wetu, ambaye babu yake alibatizwa Mhonda, alivua viatu alipofika mlangoni mwa kanisa la zamani. Hakuna aliyemwambia avue.

Utaonyeshwa pia mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874, baada ya Susi na Chuma na wenzao kuubeba toka bara. Na utaonyeshwa mbuyu wenye mnyororo. Husimuliwa kwamba bibi mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, aliyekuwa akiuguza wagonjwa, alikuwa akimfunga punda wake kwa mnyororo huo; siku moja ukaachwa pale, mti ukakua, ukaumeza. Sasa kimebaki kipande kidogo tu nje ya gamba. Vijana wa kwaya walipiga picha nyingi sana hapo, kuliko kanisani. Sikuwalaumu, maana nami nilipiga.

Lakini mahali nilipokaa muda mrefu ni makaburini. Ni mahali penye utulivu, miti mikubwa, misalaba imepangwa. Wengi wa Mapadre, Mabruda na Masista waliolala pale walikufa wangali vijana, wengine muda mfupi tu baada ya kushuka chomboni. Homa ndiyo iliyowamaliza. Wao walidhani ni hewa mbaya ya mabwawa. Mwaka 1897 ndipo Ronald Ross, daktari wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi Bara Hindi, alipovikuta vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Basi watu hawa walilala miaka mingi karibu na maji, madirisha wazi, wasijue kwamba adui wao ni yule anayelia sikioni. Walikufa kwa kutojua. Sisi twajua. Twapewa vyandarua, kisha twavitandaza juu ya vitalu vya mchicha na kuzungushia vifaranga. Nimeviona kwa macho yangu, na kimoja kilikuwa kwangu.

Jioni, wenzangu walipokuwa wakipumzika, niliomba ruhusa nikaenda kuutazama mji. Ni mwendo mfupi. Utakuta mtaa wa nyumba za mawe, milango ya kuchongwa, nyingine zimetengenezwa vizuri, nyingine mti umeota juu ya ukuta. Wakati wa biashara ya pembe mji huu ulikuwa na wafanyabiashara wa kila namna. Wajerumani nao waliufanya makao yao makuu. Kisha mwaka 1891 serikali ikahamia Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina, maana pwani ya Bagamoyo ina maji mafupi na meli kubwa haziwezi kukaribia. Reli ikaanzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Mpagazi akakosa kazi, na mwenye duka aliyemwuzia nguo akakosa mteja. Hakuna aliyewaibia. Njia ilihama, basi. Nilisimama mbele ya mlango mmoja mkubwa uliofungwa kwa kufuli lenye kutu nikafikiri: mwenye nyumba hii naye alikuwa akifunga saa nne za usiku.

Karibu na hapo lipo jengo la orofa, refu, lenye varanda. Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa amekaa kibarazani alinieleza habari yake, na mengine nikayasoma baadaye. Jengo hilo lilitolewa na mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Sewa Haji Paroo.

Huyu alizaliwa mwaka 1851, mtoto wa Mhindi wa madhehebu ya Ismailia aliyetoka Kachchh. Baba yake alikuwa na duka Unguja na tawi Bagamoyo, naye Sewa Haji akalishika tawi hilo angali kijana kabisa. Biashara yake ilikuwa misafara. Ukitaka kwenda bara ulimwendea yeye: alikupatia merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti, na wapagazi wa kuvibeba, nawe ukirudi, pembe zako zilipita kwake. Mwaka 1871 Henry Stanley, aliyekuwa akienda kumtafuta Livingstone, alikaa Bagamoyo kama majuma sita akingoja wapagazi, na kijana aliyekuwa akimtafutia ndiye Sewa Haji, wakati huo ana miaka 20 hivi. Stanley alimwandika vibaya sana katika kitabu chake, kwamba alimpunja katika hesabu ya nguo za ujira. Upande wa Sewa Haji hakuna aliyeuandika. Hata hivyo mimi niliyekuwa na mizani juu ya meza kwa miaka sita sikushangaa. Kijana wa miaka 20, mbele yake mzungu mwenye haraka na mabunda ya nguo. Majaribu ya namna hiyo nayajua yalivyo.

Simfanyi mtakatifu, basi. Wala hakuwa Mkristu. Biashara aliyoifanya ilimaliza ndovu, na misafara ile ilikuwa na damu ndani yake. Lakini sikiliza alichofanya baadaye. Katika miaka ya 1890 alitoa jengo hili liwe shule, na akataka wasomi wapokelewe bila ya kubaguliwa, Mwafrika, Mhindi na Mwarabu pamoja. Wakati ule jambo hilo halikuwa dogo. Alisaidia pia wakoma wa Bagamoyo waliotunzwa na Misioni yetu. Na huko Dar es Salaam alitoa fedha ya kujenga hospitali ya wasio na uwezo, nayo ikaitwa kwa jina lake. Hospitali hiyo ilitumika mpaka mwaka 1956, kazi yake ilipohamia Muhimbili, na hata leo ukienda Muhimbili utasikia watu wakisema, "Mgonjwa wetu amelazwa Sewahaji." Nami nilikuwa nikilisikia neno hilo tangu utoto. Marehemu mjomba wangu alilazwa humo. Nilidhani ni jina la daktari.

Alifariki Unguja mwaka 1897, umri wake miaka 46 hivi. Ule mwaka wa Ross na mbu.

Mwalimu yule alinyamaza kidogo, akasema, "Waona, bwana karani, hapa palikuwa na matajiri tele. Wengine walimzidi. Waulize watoto wa hapa majina yao." Nikasema sina haja ya kuwauliza. Akacheka, akanionyesha njia ya sokoni.

Njiani nilikuwa nikijihesabia. Miaka 46! Mimi nimebakiza kidogo kuifikia. Tena nikawaza, je, mtu huyu alilala usingizi? Alikula na watoto wake? Hayo hayakuandikwa. Lakini mtu asiyeweza kusema "hii yatosha" hatoi nyumba ya orofa. Lazima siku moja alikaa na daftari lake, akapiga mstari, akasema yaliyo juu ya mstari ni ya biashara, na yaliyo chini yaende. Mimi katika miaka sita yote sikupiga mstari hata siku moja. Faida ya jana nilinunulia bidhaa ya leo, na ya leo ya kesho, kama yule tajiri wa Injili aliyefikiri habari za ghala kubwa zaidi. Fedha yangu sikupata kuiona imekaa. Ningekufa pale kwenye mizani, mke wangu angerithi katoni.

Nilifika kwenye soko la samaki karibu na saa kumi na moja. Palikuwa na moshi na kelele, majahazi yamelala mchangani. Nikamkuta mama mmoja mtu mzima anauza samaki wa kukaanga, nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wamebaki watano."

Nikanunua wawili. Wakati ananifungia, wakaja vijana wanne wakitaka samaki. Akawapa watatu waliobaki, akaanza kulizima jiko. Wakamsihi akaange wengine, maana wavuvi walikuwa palepale na samaki wabichi wapo. Akakataa. Walipoondoka nikamwuliza kwa nini ameiacha fedha iende zake. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni.

"Nikikaanga jioni hii, wasipokwisha watalala. Samaki aliyelala namwuza nusu ya bei, na mteja akimla mara moja hanirudii. Hapa wanajua samaki wangu ni wa leo. Tena macho yangu, mwanangu. Moshi huu nimekaa nao miaka mingi, daktari wa macho ameniambia niupunguze. Nina wajukuu watatu, jioni nawasimamia kuoga na kusoma. Ijumaa natia hisa zangu kwenye VICOBA. Sasa hao vijana wanne wataniongezea nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kusikia maneno ya dini juu ya riziki, nikapewa hesabu. Na hesabu yenyewe ilikuwa sahihi kuliko yangu mimi niliyesoma chuo. Mimi niliweka duka wazi mpaka saa nne kwa sababu ya mauzo ya saa tatu mpaka saa nne. Usiku ule, kitandani katika nyumba ya wahujaji, nilijaribu kukumbuka mauzo hayo yalikuwa kiasi gani. Sigara. Kiberiti. Vocha za simu. Soda kwa watu wa bodaboda. Faida yake kwa mwezi haikufika bei ya dawa ninazomeza sasa kwa mwezi.

Asubuhi tulipata Misa, tukashuka ufukoni kwenye msalaba, tukasali na kuimba. Watoto waliokuwa hawajaiona bahari waliionja kama ina chumvi kweli. Yule mzee wa Mhonda alichota maji katika chupa akaitia mfukoni mwa koti. Saa nne tukaanza safari ya kurudi.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu yote, habari ya Sewa Haji na ya mama wa samaki. Nikamwuliza yeye aonaje juu ya kaka yake. Akasema, "Mimi sikatai mpunga. Ada ya sekondari ya mtoto inakuja, na mshahara wa parokia wote wawili twaujua. Lakini sitaki kurudi kuwa mjane wa mtu aliye hai." Maneno hayo nimeyaandika kama alivyoyasema, naye ameruhusu.

Jumapili shemeji alifika kama alivyoahidi. Nikamwambia niko tayari kushika vitabu vyake vya hesabu, lakini si kwa mshahara mara tatu. Anilipe kwa siku tatu za juma, siku nyingine nibaki parokiani. Ghala lifungwe saa kumi na mbili jioni. Jumapili lisifunguliwe kabisa. Na kila mwisho wa mwezi tupige mstari, na sehemu itakayowekwa chini ya mstari isiguswe kununulia mpunga, hata kama bei imeshuka namna gani.

Alicheka sana. Akauliza, "Shemeji, wataka tufungue ghala au seminari?" Kisha akaacha kucheka akasema neno la maana, nami naliweka hapa kwa haki. Akasema wakati wa mavuno malori ya wanunuzi hufika usiku, na ukiwaambia warudi asubuhi watakwenda ghala la jirani. Mpunga una msimu, haungoji Rozari. Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli. Mkulima mwenyewe wakati wa kuamia ndege halali, wala hakuna anayemwita mlafi. Nikamwambia msimu ni miezi miwili, labda mitatu. Mimi nilikuwa na msimu wa miaka sita. Tukabishana mpaka taa ikawashwa. Kuhusu Jumapili alikubali. Kuhusu saa kumi na mbili hatukupatana.

Alipokuwa akiinuka aende zake nilimwona anashika kisogo. Mara moja, kisha mara ya pili, kama mtu anayefukuza nzi. Nikamwuliza kinamwuma nini. Akanijibu, "Siumwi, nimechoka tu."

Mke wangu alinitazama. Nikachukua kofia yangu, nikamwambia shemeji kwamba habari ya ghala tutaimaliza siku nyingine, ila kesho saa mbili asubuhi nitampitia kwake. Alinung'unika kwamba kesho ana lori. Dada yake akamwambia lori litangoja.

Jumatatu tulikwenda zahanati wote wawili. Yangu ilikuwa 132 kwa 84. Yake tabibu aliipima mara mbili, akamwambia akae kwenye benchi dakika tano bila ya kusema na simu, kisha akaipima mara ya tatu.